Kikombe cha Bluu Kwenye Msumari

Ukisemwa na jirani kuna dawa. Na wewe unamsema, mnakuwa sare. Lakini ukisemwa na redio, utamjibu nani? Amoit alikuwa akijiuliza hivyo tangu Alhamisi saa tisa alasiri. Sasa ilikuwa Ijumaa, saa sita mchana inakaribia, na jibu hakuwa amelipata.

Alikuwa ndani ya kibanda cha mama yake, kando ya barabara kuu inayoingia Malaba, anakata sukuma wiki. Kibanda chenyewe kilikuwa na meza mbili, mabenchi manne, na pazia la gunia lililotenga jiko. Hatua tano kutoka mlangoni lilisimama lori. Mbele ya lori hilo, lori lingine. Nyuma yake, malori mpaka macho yachoke, yote yakingoja kuvuka kuingia Uganda. Siku ya sita hiyo laini haijasonga vya maana. Amoit akiinua macho hakuona barabara wala mlima. Aliona tairi, na matope yaliyokauka juu ya tairi.

Mama yake alikuwa amekaa pale mlangoni kwenye kiti cha plastiki, mgongo kwa malori, uso kwa binti yake, kama askari wa benki. Simu ya Amoit ilikuwa imezikwa ndani ya mkebe wa unga wa wimbi, na mkebe ulikuwa chini ya kiti, na juu ya kiti ni Mama. Sasa hapo mtu atapitia wapi?

Haya, tusiende mbio. Redio ilisema nini?

Kuna kituo kimoja Busia mjini ambacho kila Alhamisi mtangazaji wake husoma hadithi fupi zilizotumwa na wasikilizaji. Amoit, msichana wa miaka ishirini na minne, alituma yake kwa simu akatumia jina la kubuni. Hapo alikuwa mjanja. Ujinga ulikuja chini ya ukurasa, kwa sababu watu wa huku jameni hatuwezi kutuma kitu redioni bila salamu. Akaandika salamu zake akidhani zitasomwa siku nyingine, kipindi kingine, katikati ya salamu za watu mia. Mtangazaji naye akasoma kila kitu kwa pumzi moja, hadithi na salamu: "Na mwandishi anamsalimia Mutua, dereva wa Kibwezi aliyekwama kwenye laini ya Malaba na lori lake la chumvi. Anasema, mwisho wa hadithi nimeupata, na wewe ukipata mwisho wa laini usinisahau."

Vibanda vyote vya Malaba vilikuwa vimefungua redio. Na nani hapo hamjui Mutua wa chumvi? Mwaka mzima, kila safari, alikuwa akila kwa Mama Amoit, kwenye benchi la mwisho, chini ya kile kikombe.

Kikombe chenyewe kilikuwa cha bati la bluu, mdomo umemenyeka kidogo, kimetundikwa kwenye msumari ukutani. Hakuna aliyekinywea. Mutua, kwa ule urefu wake, kila akikaa kichwa chake kiligonga kikombe, kikombe kikalia kwenye mabati, naye akageuka akakiambia, "Pole mzee." Watu wakacheka. Hata Mama alikuwa akicheka.

Leo hakuna aliyecheka. Asubuhi dereva mmoja aliingia, akakaa, akasema, "Mama, chai. Na leo niwekee kwa ile kikombe ya redio."

"Kikombe ya redio iko redio," Mama alimjibu. "Hapa iko glasi. Unakunywa au unaenda?"

Dereva akanywa haraka haraka akaenda, na tangu wakati huo Mama hakuwa ametoka kwenye kile kiti.

"Kesho saa nne," alisema sasa, "mjomba wako Emukule anakuja hapa na watu wa Okurut. Wanakuja kukuposa, na heshima yao. Kuku nimeagiza, majirani nimewaita. Na wewe jana unaenda kwa redio kutangaza dereva."

"Sikutangaza dereva, Mama. Nilituma hadithi."

"Na salamu."

Amoit akarudi kwenye sukuma yake. 

Okurut alikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Amagoro. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomfunga Amoit mikono, maana mtu mbaya utamkataa mbele ya wazee wakuelewe. Okurut alikuwa mpole, hanywi, viatu vyake vinang'aa hata siku ya mvua. Amoit alimpa daftari la hadithi zake mwezi wa tatu, moyo ukimdunda. Naye alimrudishia baada ya wiki mbili, kila ukurasa umesahihishwa kwa kalamu nyekundu. Kuhusu watu waliokuwa ndani ya zile hadithi, waliolia na waliopendana, hakusema neno. Siku hiyo Amoit alijua kwamba angeweza kuishi na huyu mtu miaka hamsini na yeye Okurut asimwone.

"Mama, simpendi Okurut."

"Mimi sikukuuliza hiyo. Nataka uniambie kitu moja tu, na usinidanganye." Mama aliinama mbele. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ile stori ulitoa wapi?"

"Kichwani."

"Wacha mchezo, Amoit."

"Haki ya Mungu, Mama. Kichwani."

Swali hilohilo Mutua alikuwa amemuuliza Jumanne, lakini yeye aliuliza na tabasamu. Mvua ilikuwa inanyesha, wateja hakuna, Mama yuko nyuma ya pazia anageuza chapati. Mutua alikuwa ameshika daftari kwa mikono yote miwili, vile mtu hushika mtoto wa wenyewe.

"Hizi stori unatoa wapi, Amoit? Mimi nimetoka Mombasa mpaka Kigali, sijaokota hata moja. Wewe hujapita Bungoma, na unazo kumi."

"Wewe unapita," Amoit alimwambia. "Mimi nimekaa. Mtu aliyekaa anaona. Naona kitu kidogo tu, hakina maana, lakini kinanisumbua kama kijiwe ndani ya kiatu. Siwezi kuendelea mpaka nivue kiatu nione ni nini."

"Na mbona zote ni fupi?"

"Kwa sababu Mama ananiita kila baada ya dakika kumi."

Mutua alicheka mpaka kikombe kikalia ukutani. "Mimi napenda fupi. Ndefu, laini ikisonga, inaniacha katikati." Kisha akaacha kucheka, akamtazama. Mutua alikuwa na macho ya mtu wa safari, yaliyozoea kutazama mbali, na yakikutazama wewe uliye karibu unasikia kama ameegesha. Amoit alisikia joto mpaka masikioni. "Lakini naweza kukuambia ukweli? Mwisho unauogopa. Watu wako wote wanafika mlangoni, halafu unawaacha hapo. Hakuna hata mmoja anatoka."

Neno hilo lilimchoma kwa sababu lilikuwa kweli. Usiku mzima hakulala vizuri, na Jumatano akaandika mwisho wa hadithi ya kikombe.

Hadithi ilikuwa hivi. Mama mmoja anauza chai barabarani. Mume wake, dereva, anaondoka siku moja na kumwambia, kikombe changu usimpe mtu, nitarudi kukinywea. Mama anakitundika. Miaka inapita. Siku moja yule mwanaume anarudi kweli, anakaa, anaitisha chai kama kastama yeyote. Anakunywa kwenye glasi, analipa, anaondoka. Na yule mama anapanda juu ya benchi, anakiondoa kikombe msumarini. Basi. Kurasa tatu na nusu.

"Sasa sikiza," Mama alisema. "Wewe nilikuambia nini kuhusu baba yako?"

"Kwamba alienda safari akapotea. Hakurudi tena."

"Hakurudi tena. Hivyo ndivyo nilikuambia wewe, nikaambia Emukule, nikaambia kanisa. Sasa ni nani alikuambia alirudi?"

Kisu kilisimama juu ya sukuma.

"Mama?"

"Ni nani, Amoit? Mtu alimwona? Ni nani wa hii barabara alikaa na hiyo maneno miaka kumi na sita ndio aje akupe wewe uipeleke redio?"

"Hakuna mtu aliniambia. Mama, nilitunga."

"Kitu kama hiyo haitungwi!"

"Nilitunga!" Amoit alikuwa ameanza kulia, na hakujua ni hofu au ni huruma. "Nilikuwa nakuangalia tu. Mtu anayengoja mtu anaangalia barabara. Sijawahi kukuona ukiangalia barabara, hata siku moja. Kiti chako siku zote kimeipa barabara mgongo. Wewe unaangalia wateja wakinywa chai. Unaangalia vile wanashika glasi, unaangalia wakiweka pesa mezani. Nikajiuliza, Mama anatafuta nini kwa mikono ya watu? Ikanisumbua. Siku moja nikasema, huyu hangoji. Huyu mtu alishakuja."

Nje, injini ya lori moja ilinguruma ikazimwa.  Mama alipofungua mdomo hakuwa anaongea na Amoit, alikuwa anaongea na lile benchi la mwisho.

"Ulikuwa darasa la pili. Ulikuwa shule. Alikuja saa nne asubuhi, akakaa hapo. Nilimjua kwa mabega. Akaitisha chai. Nikasema moyoni, nitampa kwa glasi, ya kastama, nione kama ataulizia kikombe yake. Ilikuwa hapo juu ya kichwa chake. Angeinua tu macho." Alikionyesha kikombe kwa kidevu. "Hakuinua. Akanywa yote. Akaweka sarafu hapo mezani, akaniambia, asante mama. Mama! Mimi, mke wake! Nikaokota ile sarafu na hii mikono nikaweka kwa mkebe, nikamwambia, karibu tena."

"Pole, Mama. Pole sana. Sikujua."

"Hukujua lakini uliandika." Aliinuka. "Mahali moja tu ulikosea. Kwa stori, yule mama anatoa kikombe. Mimi sikutoa. Sikuwa na hiyo nguvu."

Akapanda juu ya benchi, mama mzito wa miaka hamsini na mbili na magoti yake mabaya, akakishika kikombe, akakiondoa. Msumari ukabaki peke yake ukutani, na duara safi mahali ambapo moshi haukuwa umefika. Kikombe akakirusha nyuma ya pazia, kikalia kwenye sufuria huko jikoni.

"Nimetoa. Sasa mwisho wako umekuwa kweli. Umefurahi?"

"Mama, Mutua si Baba."

"Wote wanaanza wakiwa si baba yako." Alishuka, akajifuta mikono kwa leso. "Na hata kama ni malaika. Wewe umezaliwa na Mteso, mila yetu Wateso unajua. Mkwe anakula mbele ya mama mkwe?"

"Hapana."

"Anamshika mkono? Anamwangalia usoni?"

"Hapana, Mama."

"Na mimi huyo nimemlisha mwaka mzima! Nimemchekea. Nimemwonyesha jino langu lililooza. Juzi Jumatano ameninyang'anya jerikeni hapa mbele ya watu, ati Mama wacha nikubebee, mkono wake juu ya mkono wangu. Kama huyo ni mkwe, basi mimi nimekwisha, sitatembea Malaba. Kwa hivyo huyo si mkwe. Huyo ni kastama."

Amoit alitaka kucheka na kulia kwa pamoja, akashindwa na yote mawili.

"Na nitakuonyesha," Mama aliendelea. "Saa hii ni saa yake ya kula. Akija, wewe utasimama hapo kwa sukuma yako. Nitampa sahani mimi, kwa mkono wangu. Akipokea, akila mbele yangu, yeye mwenyewe amesema ni kastama. Kesho utakaa kwa kiti, utasalimia watu wa Okurut, na sitaki kusikia jina lingine. Tumeelewana?"

"Mama, yeye hajui kama unampima! Atapokea tu. Kila siku anakula hapa, atafikiria nini? Hiyo si haki."

"Na asipopokea, nitajua ni mtu. Lakini ukifungua mdomo, hata ukikohoa, hata ukimwonyesha kwa jicho, nampigia Emukule sasa hivi awalete watu leo."

Jamani, kuna kifungo kibaya kuliko kile cha kusimama mbele ya mtu unayempenda, ukiwa na neno moja la kumwokoa, na mdomo si wako? Amoit alishika kile kisu na majani yake. Alihesabu: Mutua hajui. Mutua hajawahi kuambiwa habari ya Okurut, kwa sababu yeye Amoit alikuwa akiogopa kumwambia, akingoja siku nzuri. Mutua ana njaa kila siku ya Mungu. Atakaa, atanawa, atapokea, atasema asante Mama. Na maisha yote ya Amoit yatakuwa yameisha kwa sahani ya ugali.

Wakati huo huo kelele zikaanza upande wa mbele, honi moja, kisha honi kumi. Madereva walikuwa wanapigiana kelele kutoka lori hadi lori. Na Mutua akaingia akiinama mlangoni, shati limelowa jasho, uso wote meno.

"Yoga, Mama!" Salamu hiyo ya Kiteso alijifunza kwa ajili ya huyu mama. "Amoit, umesikia? Laini imefunguka! Wanasema jioni hii tunavuka. Nimekuja mbio, dakika kumi tu kabla ifike kwangu, ukichelewa wanakuruka."

"Karibu, kastama," Mama alisema, sauti tamu kama asali. "Kaa. Leo nakuhudumia mimi mwenyewe."

"Aki Mama, Mungu akubariki. Tangu jana mchana sijatia kitu mdomoni."

Amoit aliangalia sukuma. Aliyaona majani vizuri, mishipa yake yote, kwa sababu hakuthubutu kuona kitu kingine. Alisikia Mutua akivuta benchi la mwisho. Alisikia Mama akiutoa ule mkebe chini ya kiti, akiingia nao jikoni, akipakua, ugali wa wimbi na muhogo, mchuzi wa njugu, kipande kikubwa cha samaki. Alisikia maji yakimwagika, Mutua ananawa. Ee Mungu, aliomba, mnyime njaa. Mpe tumbo limuume. Fanya kitu.

Mutua alikaa, akaegemea ukuta.

Kikombe hakikulia.

Alikuwa ameshafungua mdomo kusema ile "pole mzee" yake, ukabaki wazi. Aligeuka polepole. Akauona msumari, na lile duara safi ukutani. Alikaa hivyo, shingo imepinda, mikono inadondosha maji kwenye suruali.

Kisha akamtazama Amoit. Amoit hakumwonyesha kwa jicho. Alishika ahadi hiyo kwa nguvu zake zote, akakaza macho kwenye kisu, lakini machozi hayajui ahadi. Yalianguka mawili, matatu, juu ya sukuma.

Mama alikuwa amesimama mbele ya Mutua, sahani mkononi. "Pokea, kastama. Inapoa."

Mutua aliinuka. Alipoongea alikuwa anaangalia sakafu, na ile sauti ya utani ilikuwa imemwisha.

"Mama, hiyo sahani siwezi kupokea."

"Kwani njaa imeisha?"

"Njaa iko. Naona hata hii sakafu mbili mbili."

"Basi kula. Kastama anakula, analipa, anaenda."

"Ndio maana siwezi." Alirudi hatua moja nyuma. "Mama, jana nilisikiza redio ndani ya lori. Yule mwanaume alikunywa chai, akalipa, akaenda. Nikazima redio. Nikajiambia, Mutua, hiyo chai ni wewe umekuwa ukikunywa. Mwaka mzima unampenda msichana wa hawa watu, na kila siku unaweka pesa mezani unasema asante mama. Unasema utaongea safari ijayo. Kisha safari ijayo."

Mama bado alikuwa ameinyoosha sahani mbele. 

"Kwetu Ukambani susu yangu, nyanya yangu, alikuwa akisikia mkwe wake anakohoa njiani, anaingia kwa mahindi kujificha. Sisi watoto tulikuwa tukimcheka. Sasa siwezi kucheka. Mama, nisamehe hiyo jerikeni. Nisamehe chakula yote nilikula hapa mbele yako, nilikuwa kastama, sikuwa na akili. Leo sikuja kama kastama. Nimekuja vibaya, bila wazee, kwa sababu laini inanifukuza. Lakini mbele yako sitakula tena."

Akatoka kinyumenyume, macho chini, akagonga kichwa mlangoni, hakusema hata aisee. Nje alisimama kando ya tairi la lori, akakipa kibanda mgongo.

Amoit alisubiri sahani irushwe. Alimjua mama yake: sasa atasema huyo ana maringo, anakataa chakula cha watu, sasa ataitisha simu, sasa Emukule. Aliinua macho hatimaye.

Mama yake alikuwa ameweka sahani juu ya meza. Akavuta leso kutoka kiunoni, akaitupa kichwani, akaishusha mpaka ikafunika uso wote, na akaingia nyuma ya pazia la gunia mbio mbio, magoti mabaya na yote, akijigonga kwenye debe la maji. Amoit alibaki mdomo wazi. Maisha yake yote hakuwahi kumwona mama yake akimkimbia mtu.

"Amoit," sauti ilitoka nyuma ya gunia, nzito.

"Mama."

"Hiyo sahani mpelekee wewe. Mwambie akile huko huko nje, aangalie barabara. Na asigeuke, mimi niko hapa."

Amoit alichukua sahani.  Honi zilikuwa zinakaribia, lori baada ya lori likiwasha injini, na lile tairi ambalo alikuwa ameliangalia siku sita likaanza kuzunguka taratibu mbele ya macho yake. Nyuma yake ikaonekana barabara, kisha upande wa pili wa barabara, nyumba, watu, mbingu pana.

Mutua alipokea sahani kutoka mikononi mwake. Vidole vyao viligusana chini ya bati la sahani na hakuna aliyeharakisha kuviondoa.

"Kulikuwa na nini humo ndani?" alinong'ona. "Nimeona msumari nikajua tu kuna kitu. Ni nini?"

"Nitakuambia. Ni hadithi ndefu."

"Wewe? Ndefu?"

Amoit alicheka, machozi yakaingia mdomoni. Mutua alitia tonge moja, la pili, anakula amesimama, mgongo kwa mlango kama alivyoagizwa, huku dereva wa nyuma yake akimpigia kelele kwamba laini imefika kwake, atarukwa.

"Amoit!" Mama aliita kutoka ndani. Mkono wenye unga mpaka kiwiko ulitokea pembeni mwa pazia, umeshika simu iliyojaa unga wa wimbi. "Mpigie mjomba wako. Mwambie kesho watu wa Okurut wasisumbuke. Mwambie hapa nyumbani kuna mkwe."

Amoit alirudi ndani, akaipokea simu, akaibana kifuani na unga wake.

"Na huyo mtu mwambie hiyo sahani si yake. Baba yako aliniachia kikombe, nikakaa nayo. Huyu abebe yangu. Airudishe nyumbani, si hapa barabarani. Aje na wazee."

Mutua alikuwa anasikia kila neno, alikuwa hatua nne tu. Lakini alisimama akingoja Amoit amletee maneno hayo, kwa adabu, kana kwamba yanatoka mbali.

"Na umwambie..." Sauti nyuma ya gunia ilikatika. Mama alikuwa analia, na hakujaribu kuficha. "Umwambie mimi leo sijamwona."

Amoit alitoka akamfuata Mutua, aliyekuwa tayari anapanda lori lake hapo nyuma kidogo kwenye laini, sahani ameishika juu kwa mkono mmoja isimwagike.

"Mama amesema nini?" alimuuliza kutoka dirishani.

"Amesema hajakuona."

Mutua aliweka sahani juu ya kiti cha abiria, akaifunika kwa shati lake safi. Alifuta macho kwa kiganja. Kisha akawasha injini.